Elimu Iliyorudi Nyumbani: Kumkumbuka Profesa John Samuel Mbiti wa Mulango



Kurasa nyingine za kitabu hiki zina ratiba ya siku, picha na majina ya waliotumika katika kwaya yetu. Kurasa hizi tumezitenga kwa mtu mmoja ambaye jina lake halimo katika rejista yetu. Hakuvaa sare yetu wala hakuja kwenye mazoezi ya Jumamosi. Hata hivyo, tunapotafuta mfano wa mzazi, mwalimu na mtumishi wa Mungu kutoka Kitui ambaye vijana wetu wanapaswa kumjua, tunamwona huyu kwanza. Naye ni marehemu Profesa John Samuel Mbiti.

Tumemchagua kwa sababu ya neno lenyewe jubilii. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka wa jubilii ni mwaka wa kurudi. Kila mtu anairudia ardhi yake na jamaa yake. Maisha ya Mbiti yalikuwa safari ndefu ya masomo iliyomfikisha mbali, kisha ikarudi nyumbani ikiwa na mzigo wa mavuno. Sisi watu wa Kwa Vonza, ambao watoto wetu wanasoma ili waondoke, tuna la kujifunza hapo.

MTOTO WA MULANGO

John Mbiti alizaliwa tarehe 30 Novemba 1931 huko Mulango, kusini mwa mji wa Kitui. Wazazi wake, Samuel Mutuvi Ngaangi na Valesi Mbandi Kiimba, walikuwa wakulima na Wakristo wa dhati. Wasiojua Kikamba waelewe kwamba mbiti ni fisi. Kwa desturi ya wazee wetu, nyumba iliyopoteza watoto humpa mtoto anayefuata jina la namna hiyo, ili mauti yampite. Jina kama hilo lina machozi ndani yake, lakini lina matumaini pia. Wazazi wanaompa mtoto jina hilo wanasema kwamba yeye si wao peke yao, ni wa Mungu.

Mulango palikuwa mahali pa pekee. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifungua kituo pale mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuwaondoa, kazi ilishikwa na Africa Inland Mission, ile misheni iliyoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka 1895 na iliyokuwa na kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Kwa hiyo Mbiti alikulia mahali ambapo kanisa na darasa vilikuwa chini ya uangalizi mmoja. Aliyejifunza kusoma alijifunza ili asome Neno, na aliyetaka kusoma Neno ilimbidi ajue herufi.

Wazee wetu wanajua gharama ya kumpeleka mtoto shule enzi hizo. Kitui ni nchi ya ukame, na mbuzi mmoja alikuwa na kazi nyingi: maziwa, mahari, chakula cha mwaka wa njaa. Kijana aliyekaa darasani alikuwa mikono miwili iliyokosekana shambani na malishoni. Mzazi mkulima aliyekubali kumwachilia mwanawe asome alikuwa anatoa sadaka, ingawa hakuna aliyepitisha kikapu.

SAFARI YA MASOMO

Kutoka Kitui, kijana Mbiti alikwenda Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu, kisha Chuo cha Makerere, Kampala, alikohitimu mwaka 1953. Baadaye alivuka bahari hadi Chuo cha Barrington nchini Marekani kusomea theolojia. Kutoka huko alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, akapata shahada ya udaktari. Alibarikiwa kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana.

Tuangalie alichochagua kuandika alipokuwa Cambridge, maana hapo ndipo wengi wetu tungefanya tofauti. Alikuwa na maktaba kubwa mbele yake, na angeweza kuandika juu ya watu wa Ulaya waliokufa zamani. Yeye alichunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya Agano Jipya kuhusu siku za mwisho. Kazi hiyo ilitoka kuwa kitabu mwaka 1971. Ndani yake aliuliza jambo linalotuhusu sana sisi waimbaji: mwumini wa Ukambani anaposikia habari za mji wa mbinguni, hazina, moto na makao ya milele, anaelewa nini? Aliona kwamba wengi walizichukua picha hizo kama zilivyo, wakangojea nyumba na mali, na Kristo mwenyewe akabaki nyuma ya picha. Kwaya yoyote yenye nyimbo nyingi za mbinguni ingefaa ijiulize swali hilo kabla ya kupanda jukwaani.

Mwaka 1964 alirudi Makerere kufundisha, akakaa hapo miaka kumi. Kutokana na mihadhara yake kilizaliwa kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, *African Religions and Philosophy*, kilichotoka mwaka 1969. Mwaka uliofuata alitoa kingine, *Concepts of God in Africa*, ambamo alikusanya mawazo kuhusu Mungu kutoka takriban jamii 300 za bara hili. Hadi wakati huo wageni wengi waliandika kwamba Mwafrika hakuwa na dini, alikuwa na ushirikina tu. Mbiti alijibu kwa ushahidi, jamii baada ya jamii. Mababu zetu wa Ukambani walikuwa wakimwita Mungu Mulungu, na Ngai, na Mumbi, yaani Muumba, kabla ya mmisionari wa kwanza kupanda kilima cha Kitui. Kwa Mbiti, wamisionari hawakumleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao, nao wakatuletea habari za Yesu.

Hatusemi kwamba kila mtu alikubaliana naye. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, aliwakosoa Mbiti na wenzake kwamba walikuwa wanaivalisha imani ya Kiafrika nguo za Wagiriki na Wazungu. Wapo pia wanafalsafa waliopinga maelezo yake juu ya wakati. Tunayataja haya kwa ajili ya wanafunzi walio kati yetu. Mtu akikosolewa na wasomi wakubwa, ujue ameandika jambo lenye uzito. Na Mbiti aliendelea kufanya kazi.

BABA WA NYUMBA NA MCHUNGAJI

Katika miaka ya 1960 Mbiti alimwoa Verena Siegenthaler, mwenyeji wa Uswisi, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1974 familia iliondoka Kampala ikahamia Uswisi, ambako Mbiti aliongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, karibu na Geneva, iliyo chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Pale alikusanya wakristo wa madhehebu na mabara mbalimbali wakasome pamoja. Baadaye alikuwa mchungaji wa usharika katika mji wa Burgdorf, na alifundisha katika Chuo Kikuu cha Bern.

Tusilipite jambo hili haraka. Huyu alikuwa profesa aliyealikwa kufundisha katika vyuo vya nchi nyingi. Bado alikubali kazi ya usharika wa kawaida: kubatiza, kufungisha ndoa, kuzika, kuwatembelea wagonjwa. Alikuwa Mkamba mweusi akiwachunga Waswisi katika mji wao, na waumini hao walizoea kumpelekea furaha na huzuni zao. Alikaa na familia yake mahali pamoja kwa miaka mingi. Ndoa yake na Verena ilidumu hadi alipofariki huko Burgdorf mwezi wa Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 87.

Wanaume wa kanisa letu wataelewa kwa nini tunalisisitiza hili. Sehemu yetu hii ina nyumba nyingi ambazo baba yuko Nairobi au Mombasa, na watoto wanamjua kwa sauti ya simu na pesa za M-Pesa. Wengine hawana la kufanya, kazi iko huko. Lakini wapo wanaodhani kwamba kulipa karo ndiko kulea, na kwamba karo ikishalipwa deni la baba limekwisha. Mbiti alifundisha maishani mwake mwote kwamba mtu hawi mtu peke yake. Kwake, mtu ni mtu kwa sababu yuko pamoja na wengine: wazazi, ndugu, mke, watoto, majirani, waliotangulia na watakaozaliwa. Mwenye kuamini hivyo hawezi kuihesabu familia kama kazi ya ziada baada ya kazi.

SASA NA ZAMANI

Kuna jambo katika mafundisho yake ambalo linaifaa sana siku ya leo. Alipotaka kueleza wakati kwa jinsi wazee walivyouona, aliona maneno ya Kiingereza hayamtoshi. Akachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayaweka ndani ya kitabu cha Kiingereza. Mpaka leo wanafunzi wa dini katika vyuo vya Ulaya na Marekani wanajifunza maneno hayo mawili.

Alieleza hivi. Sasa ni wakati tunaoishi, pamoja na mambo ya karibuni tunayoyakumbuka na yale yaliyo karibu sana kutokea. Zamani ni bahari kubwa ambamo mambo yote huzama hatimaye. Mtu akifa haondoki mara moja. Maadamu yupo aliyemjua, anayemtaja kwa jina, marehemu huyo bado yumo katika Sasa, naye Mbiti alimwita mfu aliye hai. Vizazi vinne au vitano vikipita, na wa mwisho aliyemkumbuka akifa, ndipo jina linazama katika Zamani.

Sisi tuna tumaini la ufufuo, na Mbiti kasisi alilihubiri tumaini hilo. Majina yetu yako salama kwa Bwana. Lakini hapa duniani kazi ya kukumbuka ni yetu. Tukisoma leo majina ya wanakwaya wetu waliolala, na vijana wa sauti ya tatu wakauliza, "Huyu alikuwa nani?", tusiwajibu kwa kifupi. Tuwaambie aliimba sauti gani, ni wimbo gani alioupenda, watoto wake wako wapi. Kwaya isiyoweza kueleza waliotangulia itaimba vizuri, lakini haitajua inaimba kwa niaba ya nani.

NENO KWA KIKAMBA

Mbiti alianza kuandika vitabu kwa lugha ya mama. Mwaka 1954, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kilitoka kitabu chake *Mutunga na Ngewa Yake*. Mwaka 1966 alichapisha hadithi za Wakamba alizozikusanya, katika kitabu *Akamba Stories*. Kisha yakaja mavitabu makubwa ya Kiingereza yaliyosomwa duniani kote. Angeweza kupumzikia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Uzeeni alirudi kwenye Kikamba. Alilichukua Agano Jipya katika Kigiriki, lugha lilimoandikwa, akalitafsiri lote hadi Kikamba peke yake. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2014, naye ana miaka 83. Wenye kufahamu historia ya Biblia wanalihesabu tendo hilo kuwa la kipekee katika Afrika, kwa maana tafsiri nyingi zilifanywa na wageni au na kamati, na nyingi zilipitia Kiingereza kwanza.

Ili tuuone urefu wa safari hii, turudi nyuma kidogo. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Kitui mwaka 1849, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850. Biblia nzima ya Kikamba ilipatikana mwaka 1956. Mababu zetu walishukuru, nasi tunashukuru. Lakini Kikamba kina irabu saba, na masikio yaliyozoea irabu tano huyakosea maneno kwa urahisi. Waalimu wa kwaya wanajua hili vizuri, maana irabu moja ikilegea kwenye besi maana ya mstari inageuka na kina mama wanaanza kucheka. Kwa hiyo toka mwaka 1850 hadi 2014, miaka 164, Neno lilitembea kutoka kwa mgeni anayejifunza lugha yetu hadi kwa mtoto wa Mulango anayejua Kigiriki. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia katika lugha yake mwenyewe. Ilihitaji mzazi aliyemwachilia mwanawe asome, na mwana aliyekubali kusoma hadi mwisho, ili jambo hilo litimie kwetu namna hii.

Na hapa tuseme na vijana. Wapo kati yenu wanaoona haya kuimba wimbo wa Kikamba mbele ya wageni, wakisema ni wa washamba. Mwacha asili ni mtumwa. Huyu aliyesoma Kampala, Marekani na Cambridge, aliyefundisha kwa Kiingereza na kuchunga watu kati ya wasemaji wa Kijerumani, aliona Kikamba kinastahili miaka yake ya mwisho. Hatukatai Kiingereza, wala Kiswahili tunachokiandika hapa. Tunasema tu kwamba elimu iliyokufundisha kuidharau meza ya mama yako bado haijafika mwisho wake.

KWETU KWA VONZA

Mbiti alipokuwa mtoto, kijana wa Kitui aliyetaka chuo kikuu alivuka mpaka hadi Uganda. Leo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko hapa Kwa Vonza. Kilianza kama Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, matunda ya harambee za watu wetu. Mwaka 2008 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wanafunzi kutoka pande zote za Kenya wanapanga vyumba sokoni petu, na baadhi yao wameimba nasi muhula baada ya muhula. Tunawashukuru.

Lakini chuo kuwa karibu hakumaanishi mlango uko wazi kwa kila mtoto. Mvua ikikosa misimu miwili, mbuzi wanauzwa kwa bei ya kutupa na karo inakosekana. Sisi katika kwaya tumeona sauti nzuri zikinyamaza. Msichana wa alto anakosa mazoezi mara moja, mara mbili, kisha haonekani. Ukiuliza unaambiwa alirudishwa nyumbani kwa karo, na anaona haya kusimama mbele ya kanisa ilhali wenzake wako shuleni. Wengine wameolewa mapema kwa njia hiyo. Wengine wanapita nje ya ua la chuo kikuu kila asubuhi wakiswaga punda wa maji, na hawajawahi kuingia ndani.

Kwa sababu hiyo tunatoa maombi matatu kwa washirika wote katika jubilii hii. La kwanza, kila jumbe ya familia iliyo na marehemu aliyeimba nasi ilete jina lake na habari zake kwa mwandishi wa kwaya, ziandikwe kabla hazijazama katika Zamani. La pili, kila ibada kwaya iimbe walau wimbo mmoja wa Kikamba, na maneno yake yalinganishwe na Maandiko, irabu kwa irabu. La tatu, mwanakwaya akirudishwa nyumbani kwa karo, tujue wiki ile ile, si mwisho wa muhula. Hatuwezi kulipia kila mtoto. Tunaweza kuhakikisha kwamba hakuna anayenyamaza bila sisi kuuliza.

Samuel Mutuvi na Valesi Mbandi walikuwa wakulima wa Mulango. Hawakuwa na mali ya kuandikwa magazetini. Walimpa mtoto wao jina la kumkabidhi kwa Mungu, wakampeleka shule, na miaka mingi baadaye watu wao wote wakaletewa Agano Jipya. Mzazi unayesoma kurasa hizi jioni, ukihesabu karo ya Januari na kuona haitoshi, hujui unamlea nani.

Bwana awape pumziko jema watumishi wake waliotangulia, na aibariki kila nyumba inayosomesha. Amina.

Mwandishi wa Kwaya, kwa niaba ya kamati na wanakwaya wote